Wafu Wetu Si Mashetani

Mwalimu mwenzetu alisimama mbele ya picha waliyoichora wanafunzi wetu, akaitazama kitambo, kisha akauliza: "Haya mambo ya mashetani yanahusu nini Kiswahili?" Siku ile hatukumjibu. Palikuwa na wageni, na si adabu watu wa nyumba moja kubishana mbele ya wageni. Lakini swali lile halikwisha. Likaulizwa na mzazi mmoja, likaulizwa na mwalimu wa dini, likaulizwa tena katika kikao cha walimu, hata mwisho picha yenyewe ikateremshwa ukutani, ikakunjwa kama mkeka, ikatiwa stoo pamoja na majembe. Hatutaitaja shule wala mtu, kwa kuwa ugomvi wetu si wa watu bali ni wa fikira. Makala haya ndiyo jibu letu. Twawaomba wasomaji, walimu na wanafunzi wa Kiswahili, wayapime.

Kwanza na ijulikane picha hiyo ilizaliwaje. Sisi twafundisha Kiswahili huku West Nile, baina ya Arua na Koboko. Katika somo la msamiati wa msiba, kitabu kiliwapa wanafunzi wetu orodha ya maneno: maiti, sanda, jeneza, kaburi, na mengineyo. Wakayakariri, wakaandika imla, wakasahau. Tukaona heri tubadili njia. Tuliwatuma nyumbani wakawaulize wazee wao kwa lugha za nyumbani, yaani Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kialur: mtu akifa kwetu, huheshimiwaje? Kila mmoja alirudi na habari zake, akazisimulia darasani kwa Kiswahili, na wenzake wakamwuliza maswali kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilichukua muhula mzima. Ndipo tuliponunua yadi nne za marekani, tukazitandaza sakafuni, wakaanza kuchora.

Rangi hatukununua. Nyekundu ilitoka katika udongo wa kando ya barabara, nyeusi katika masizi ya vyungu, nyeupe katika chokaa, na gundi ya kuzishikisha ilikuwa uji mwepesi wa muhogo. Nyingi ya rangi hizo si ngeni kwa mama zetu, wanaozipaka kuta za nyumba zao.

Katikati ya kitambaa lipo ghala la nafaka, na chini yake vijumba vidogo vya mawe bapa. Wazee wa Kilugbara walikuwa wakiviweka vijumba hivyo kwa ajili ya waliotangulia, wakipeleka hapo sehemu ya nyama na ya pombe pindi watu wa ukoo walipokutana kwa ajili ya mgonjwa au kwa ajili ya ugomvi uliotaka kumalizwa. John Middleton, Mwingereza aliyekaa na Walugbara kati ya mwaka 1949 na 1952, ameyaeleza hayo kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1960. Upande wa kulia ni kaburi la mzee, na kichwani pake mti wa jamii ya mkuyu, kama wazee walivyowasimulia wanafunzi. Upande wa kushoto ni uwanja wa ngoma ya kilio. Juu kabisa imesimama milima miwili, Wati na Liru, ambayo masimulizi ya Walugbara huihusisha na mashujaa wawili, Dribidu na Jaki: wa kwanza alifia Wati, wa pili akafia Liru, upande wa Koboko. Hivyo watoto wa Arua na watoto wa Koboko waliwaona wafu wao wakitazamana juu ya kitambaa kimoja.

Msomaji angeiona picha hiyo angetambua jambo moja zaidi. Hamna uso hata mmoja. Wanafunzi Waislamu, ambao ni wengi kwetu, walisema kwamba kuchora kiumbe chenye roho kunawatia mashaka. Wenzao hawakuwacheka. Walikaa wakashauriana siku mbili, wakakubaliana kwamba kiumbe chochote chenye macho kisichorwe. Kwa hiyo uwanjani zimo ngoma, zimo pembe ndefu za agwara zimelazwa chini, zimo pinde na podo zimeegemezwa, na vumbi limejaa nyayo. Lakini mtu hayumo. Mbuzi wa wajomba naye hayumo. Ipo kamba yake na kigingi. Vipo vigoda vitupu. Sisi walimu hatukuwafundisha hilo. Walilipata katika kuheshimiana, na likawafaa kuliko lolote ambalo tungaliweza kuwaelekeza, kwani ni nani asiyejua kwamba kigoda kitupu husema habari za marehemu kuliko sura yake?

Sasa tuzitazame hoja za wapinzani wetu, moja baada ya moja.

Hoja ya kwanza yasema kwamba kuonyesha mambo hayo ni kufufua ibada ya mashetani. Hapa twakiri kosa letu kabla hatujataja la wengine. Wanafunzi walipokuja na neno la Kilugbara *ori*, linalotaja wafu wa ukoo ambao vijumba vile viliwekwa kwa ajili yao, sisi ndio tuliowaandikia ubaoni tafsiri yake: "mapepo". Kesho yake msichana mmoja akanyosha mkono. Alisema nyanya yake amemwuliza kama mwalimu anamwita babu yake pepo. Darasa likanyamaza. Tulilifuta neno lile, lakini aibu yake hatujaifuta hata leo. Tulikuwa tumechukua tafsiri ya kasumba, ya wale waliokuja kwetu wakakuta heshima wakaiita ushetani, tukaitia katika vinywa vya watoto kama kwamba ni Kiswahili safi.

Je, Kiswahili hakina neno? Kinayo mengi. Kina mizimu, neno ambalo mzizi wake umo pia katika kuzimu, na ambalo ndugu zake wamo katika lugha nyingi za Kibantu. Kina wahenga, kina tambiko, kina kuenzi. Pepo ni kitu kingine, na shetani ni kingine kabisa. Walugbara nao hutofautisha. Neno lao *a'bi* ndilo la babu aliye hai akiota jua mlangoni, na ndilo la babu wa mababu aliyekwisha kuzikwa. Nasi Waswahili twasema babu, twasema mababu. Lugha mbili zisizo na undugu wowote wa asili, kwani Kilugbara ni cha jamii ya lugha za Sudani ya Kati na Kiswahili ni cha Kibantu, zimekutana katika fikira hiyo moja: kwamba mfu wa ukoo ni mzee aliyesogea mbali kidogo. Mwalimu anayeruka maneno hayo yote akaokota "shetani" hajatafsiri. Ametukana.

Hatufichi kwamba wazee wa kale waliamini wafu waweza kumleta mtu maradhi, na kwamba walichinja ili kuwaridhisha. Mwenye dini ana haki ya kulikataa hilo, na wengi wetu twalikataa. Lakini kuchora si kutambika. Mwanafunzi aliyechora kijumba cha mawe hakumwaga pombe mbele yake. Profesa John Mbiti, padri wa Kianglikana aliyefundisha Makerere, aliandika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1969 juu ya dini za Kiafrika. Humo alikataa kuita mwenendo huo kuwaabudu wafu. Aliwaita wafu walio hai wale ambao bado kuna mtu aliyewajua na kuwakumbuka kwa majina yao. Na alipotafuta maneno ya kueleza wakati katika fikira za Waafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani. Ikiwa padri na mwanachuoni alikimbilia Kiswahili ili apate kuwaeleza wafu wetu kwa heshima, imekuwaje mwalimu wa Kiswahili akikimbie?

Tena tuwaulize: katika makanisa mangapi ya Uganda zimetundikwa picha za Mashahidi, wale ambao 22 kati yao walitangazwa watakatifu mwaka 1964? Hao nao ni wafu. Twawachora, twawataja kwa majina, twawaadhimisha kila tarehe 3 Juni, wala hakuna anayesema kwamba ni mashetani. Na Waislamu wa Arua na Koboko husoma hitima na kuhesabu arobaini. Kila mmoja ana njia ya kuwaheshimu wafu wake. La ajabu ni kwamba njia ya babu mzaa baba ndiyo peke yake inayotiwa stoo.

Hoja ya pili yasema: iwe haki au isiwe haki, uchoraji si kazi ya mwalimu wa Kiswahili. Wenye hoja hii wanadhani lugha hukaa ndani ya daftari. Wanafunzi wetu si watoto wa Kibantu ambao nyumbani husikia maneno yaliyo jirani na ya Kiswahili. Kikakwa ni cha Kiniloti, ndugu ya Kibari. Kilugbara tumekwisha kukitaja. Kwao Kiswahili ni mlima mtupu usio na njia. Picha ndiyo iliyowapa njia. Kwa ajili ya kamba moja ya mbuzi walihitaji maneno mjomba, ujombani, haki, dai, ukoo, mfiwa. Kwetu wajomba wa marehemu wana haki yao siku ya msiba, kwa sababu mtu ni wa ukoo wa baba lakini ametoka katika tumbo la mama. Jambo hilo kwa Kiingereza laelezwa kwa tabu, maana Kiingereza kina neno moja tu kwa mjomba na kwa ami. Kiswahili kilikuwa na neno tayari. Mwanafunzi mmoja alilishangilia kama aliyeokota shilingi njiani. Hiyo orodha ya kitabuni ingalimpa furaha hiyo lini?

Wala hatukuzua jambo jipya. Katika miaka ya 1973 na 1974, huko Lubumbashi, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia nzima ya nchi yake ya Zaire katika picha zaidi ya mia moja, na kifo cha Patrice Lumumba kimo humo. Kila picha aliieleza kwa mdomo, na lugha aliyoielezea ilikuwa Kiswahili cha huko kwao. Mtaalamu Johannes Fabian aliyanasa mazungumzo hayo, akayachapisha pamoja na picha mwaka 1996. Basi msiba mkubwa kabisa wa Kongo umechorwa na Mkongo na kuelezwa kwa Kiswahili. Na huko Murang'a, nchini Kenya, limo kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Kuta zake zilichorwa na Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea Makerere, akaikamilisha kazi hiyo mwaka 1959. Alimweka Kristo katika nchi ya Wakikuyu, miongoni mwa watu weusi. Hakuna aliyemwambia kwamba maombolezo na rangi havipatani.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nasi twaipokea kwa unyenyekevu. Haikutoka kwa walimu. Ilitoka kwa mzee mmoja aliyeletwa na mjukuu wake kuitazama picha. Aliitazama yote, akaridhika nayo, kisha alipoona maneno ya Kiswahili pembezoni akasema: "Hii ni lugha ya askari. Msiwaandikie wafu wetu kwa lugha ya askari."

Nani kati yetu atamkemea? Huku kwetu Kiswahili kilikuja na bunduki begani. Kilikuwa lugha ya King's African Rifles, ambamo vijana wengi wa West Nile waliandikishwa; kikawa lugha ya jeshi la Uganda huru; Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Alipoanguka mwezi Aprili 1979 majeshi yaliyomwondoa nayo yalisema Kiswahili. Mwezi Oktoba 1980 vita viliingia Koboko na Arua, na watu wakakimbilia Zaire na Sudan kwa maelfu. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa serikali ya wakati ule waliingia katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, ambako raia walikuwa wamejihifadhi, wakaua watu wapatao mia moja. Sisi tunaoandika haya tulizaliwa katika miaka hiyo, na wengine wetu tulivuka mpaka mgongoni mwa mama. Ukimwuliza mtu wa rika la wazazi wetu maneno ya Kiswahili aliyoyajua kwanza, atakutajia amri: simama, lala chini, toa.

Lakini hapo hapo ndipo tunapotofautiana na mzee wetu, kwa heshima zote. Lugha iliyotoa amri tu haijamaliza kazi yake, ina deni. Uganda imebishana juu ya Kiswahili tangu waraka wa Gavana Gowers wa mwaka 1927. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hizo nazo ni amri. Amri yaweza kumfanya mtoto akisome Kiswahili, haiwezi kumfanya akipende, na mwenye kaburi la Ombaci ukoni mwake hatakipenda kwa kukariri ngeli. Atakiamini siku atakapokisikia kikisema pole. Atakiamini siku kitakapoyataja majina ya wafu wake bila kuyapotosha. Ikiwa Kiswahili kitakatazwa kuingia msibani, kitabaki kambini milele, nasi walimu tutakuwa makarani wa kambi.

Wanafunzi walimwelewa mzee yule kuliko sisi. Hawakufuta maneno ya Kiswahili, wala hawakuyaacha peke yake. Waliandika majina ya wafu wa koo zao kwa lugha za nyumbani, na chini ya kila jina wakaandika kwa Kiswahili neno moja juu ya kazi aliyokuwa akiifanya: mfinyanzi, mkulima, mpiga pembe, mkunga. Na katika pembe ya chini ya kitambaa waliacha mahali patupu pasipopakwa rangi. Hapo, walisema, ni pa wale waliokufa njiani na kaburi lao halijulikani. Darasani mwetu wamo pia watoto waliotoka Sudan Kusini na Kongo, wanaojua kwamba makaburi ya babu zao yako ng'ambo ya mpaka na hakuna wa kuyapalilia. Nao walikubaliana kwamba mahali hapo ni pao pia. Mzee alipoelezwa hayo hakusema neno. Aliinama, akapagusa kwa kidole.

Imesalia hoja ya nne, nayo ni ya wale waliotusifu. Mtu mmoja aliiona picha akataka kuinunua, aitundike katika ukumbi wa wageni, ili watalii wapate kuona "utamaduni". Tulimkatalia, na baadhi ya wenzetu walituona wajinga. Basi watazame yaliyowapata Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Vigango vyao, vile vibao vya mti vilivyochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya wazee waliokufa, viling'olewa na wezi, vikauzwa, vikapambia nyumba na majumba ya makumbusho ya Marekani. Mwaka 2007 viwili vilivyoibwa katika miaka ya 1980 vilirudishwa Kenya. Kwa wengine kilikuwa pambo, kwa mwenyewe kilikuwa baba. Tunaowalaumu kwa kuwaita wafu wetu mashetani, na wanaotaka kuwafanya pambo la ukumbi, wote wamekosa neno lile lile. Hawakuona kwamba hao ni watu.

Tumezoea kuwafundisha watoto methali ya *Mwacha mila ni mtumwa*. Huiandika vizuri katika mtihani, nasi huwapa alama zao. Walipoitenda, tuliikunja tukaitia stoo. Hayo si mafunzo, ni mzaha.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. La kwanza, chama chetu kikusanye msamiati wa msiba na wa kuwaenzi wafu kutoka katika lugha za wanafunzi wetu, Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kialur na nyinginezo, na kuulinganisha na wa Kiswahili, ili mwalimu mwingine asije akaandika ubaoni neno tulilolifuta sisi. La pili, walimu wa dini zote mbili waalikwe darasani kabla picha haijachorwa, siyo baada ya kuteremshwa. Wataona kwamba watoto wameshapatana katika mengi ambayo wakubwa hawajayajadili. La tatu, picha yetu irudishwe ukutani. Tulizishikisha rangi zake kwa uji wa muhogo, na panya wa stoo wanaupenda uji wa muhogo. Kila wiki inayopita hupunguza jina moja. Wafu walio hai, kama alivyosema Mbiti, hufa mara ya pili asipobaki anayewataja.